Kina Alichokitaka Leonard Kucera

Kapteni Vlaho Krile alikunywa kahawa yake ya alfajiri akiwa amesimama, kama alivyoinywa kila siku ya baharini kwa miaka thelathini na moja, kisha akapanda ngazi kwenda chumba cha usukani. Hakukuwa na la kumpeleka huko. Naibu wake, Morag Tulloch, alikuwa macho tangu saa kumi, na Morag hakuwa mtu wa kumwamsha mkubwa wake kwa mambo madogo. Lakini nahodha asipoonekana asubuhi, ikifika adhuhuri wapishi wameshamzika. Ilikuwa afadhali kupanda ngazi.

"Umekuja kuhakikisha bahari ipo?" Morag alimwuliza bila kugeuka.

"Ipo?"

"Ipo. Imejaa mpaka ukingoni."

Meli yao, Lady Corinth, ilikuwa na abiria elfu mbili na mia moja, na hiyo ilikuwa siku ya pili bila kugusa nchi kavu tangu waondoke Fort Lauderdale. Kesho yake saa moja asubuhi walitakiwa kufunga kamba St. Maarten. Upepo ulitoka mashariki, si mkali, wa kutosha tu kumpokonya mtu kofia. Vlaho alisoma kitabu cha zamu, akatia saini, akaitazama ramani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akashuka.

Siku ya baharini ina ratiba yake, na jioni ya mavazi rasmi ina yake. Zikikutana, nahodha hana hata dakika ya kukuna sikio. Saa tatu alikuwa na mkutano wa wakuu wa idara, saa nne mazoezi ya boti za kuokolea watu, saa sita tangazo la mchana, alasiri ukaguzi wa jikoni. Saa kumi na mbili na nusu jioni ilikuwa karamu ya nahodha ya kuwakaribisha abiria, pamoja na picha, hotuba na mnara wa glasi. Saa mbili usiku ilikuwa meza ya nahodha, na wageni wanane ambao hakuwachagua yeye. Kati ya mkutano na mazoezi ya boti palibaki robo saa tupu, na katika robo saa hiyo karani wake alikuwa ameandika kwa penseli: Bi Kucera, majivu.

Bi Arlene Kucera alikuwa na miaka sabini na minane. Alikuja ofisini amebeba mfuko wa kitambaa, akauweka mapajani, akakataa kahawa. Ndani ya mfuko mlikuwa na sanduku la chumvi iliyoshindiliwa na mchanga, ukubwa wa mkate, na ndani ya sanduku alikuwamo mumewe Leonard. Mambo ya vibali yalikwisha kumalizwa kwa barua miezi mitatu nyuma. Sanduku lilikuwa la aina inayoruhusiwa, la kuyeyuka baharini bila kuacha kitu.

"Barua yenu inasema shughuli itafanyika wakati wa safari," alisema. "Wakati wa safari si saa, Kapteni. Mimi nataka saa. Na nataka mahali."

"Mahali uliandika. Kaskazini ya Puerto Rico."

"Niliandika palipo na kina kuliko pote. Kaskazini ya Puerto Rico ni kubwa."

Alieleza bila kuharakisha. Leonard alichimba visima vya maji Nebraska kwa miaka arobaini na minne. Kila alipomaliza kisima, watu wakishangilia maji, yeye alichungulia shimo na kusema bado si kirefu. Siku moja, akingoja kung'olewa jino, alisoma kwenye gazeti kuhusu shimo lililoko chini ya Atlantiki, refu kuliko yote katika bahari hiyo. Alirudi nyumbani na shavu limevimba akasema, mkinizika nizikeni kule. Mkewe alidhani ni dawa ya ganzi. Lakini alilirudia miaka kumi na sita.

Vlaho alimpeleka chumba cha usukani akamwonyesha ramani. Palikuwa na mstari mrefu wa rangi ya samawati iliyokolea, na katikati yake namba: mita elfu nane na mia tatu na kitu.

"Futi elfu ishirini na saba," alisema.

Bi Arlene alitazama vioo vya mitambo. "Na kipima kina chenu kinasemaje?"

"Hakisemi. Kina kikipita mita mia tano hakioni chini. Kinachora vistari tu."

"Basi mnajuaje?"

"Walikuja watu na vyombo vyao wakapima. Sisi tunawaamini."

"Len asingekubali. Hakuwahi kuandika futi ambayo kamba yake haikuifikia."

"Sisi kamba hatuna, Bi Arlene."

"Naona." Alikunja midomo. "Basi itabidi nikuamini wewe."

Vlaho alichukua bikari akapima umbali kwenye ramani, akagawanya kwa mwendo kichwani. Ilitoka vizuri. Wangekuwa juu kabisa ya shimo jua likiwa bado lipo, na kabla ya karamu.

"Saa kumi na moja kamili jioni," alisema. "Mlango wa tezi, kule nyuma ya meli, sitaha ya nne. Mfanyakazi atakuonyesha. Vaa kitu kizito, huko nyuma kuna upepo."

Bi Arlene alitoa kalamu akaandika kwenye bahasha: 11 jioni, sitaha 4. Akaisoma kwa sauti, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Meli inayokwenda mashariki hula saa. Mahali fulani njiani lazima saa moja itolewe, na kampuni nyingi huitoa usiku, watu wakiwa wamelala. Vlaho hakupenda hivyo. Saa ya usiku hulipwa na mfanyakazi anayeamka kukaanga mayai, si na abiria. Kwa hiyo katika meli zake saa ilitolewa mchana. Ikifika saa sita kamili, inakuwa saa saba kamili, na kazi ya mchana inapungua kwa saa moja. Wafanyakazi walimpenda kwa hilo kuliko kwa lingine lolote. Mabaharia wenzake walimwona wa ajabu.

Siku hiyo naye alishika kipaza sauti kama kawaida. Aliwaambia abiria mahali walipo, joto la maji, urefu wa mawimbi, na kwamba ingawa wametoka tu kifungua kinywa, sasa ni saa saba, wageuze saa zao. Kwenye bwawa la kuogelea watu walizomea kwa kucheka. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba ameibiwa chakula cha mchana. Tangazo lilisikika kwenye sitaha na kwenye korido. Vyumbani halisikiki, isipokuwa kwa hatari.

Alasiri alikagua jikoni pamoja na meneja wa hoteli, Gernot Pichler, Mwaustria mwembamba aliyezungumza kuhusu glasi kama watu wengine wanavyozungumza kuhusu watoto wao. Glasi mia saba na ishirini, zikipangwa moja juu ya nyingine katika ukumbi mkubwa, na nahodha juu ya ngazi ndogo akimimina shampeni kwenye glasi ya kileleni mpaka ifurike na kushuka hadi chini.

"Nimeanza kupanga," Gernot alisema. "Mara ya mwisho ulipinda kona kidogo, Kapteni, nikapoteza safu mbili."

"Ilikuwa boti ya wavuvi."

"Wavuvi wana bahari nzima."

Saa kumi na moja kamili Vlaho, Morag na baharia mmoja mwenye bendera walikuwa kwenye mlango wa tezi. Meli ilipunguzwa mwendo. Upepo ulikuwa upande mzuri, jua limelala juu ya maji. Bi Arlene hakuja. Walingoja dakika tano, kisha kumi. Walipiga simu chumbani kwake, ikalia bila kupokewa. Karani alitumwa kumtafuta maktaba na kwenye mgahawa, akarudi peke yake.

"Wengine hubadili mawazo," Morag alisema. "Mwaka juzi yule bwana wa Tennessee alirudi na mkewe hadi nyumbani. Alisema ameshazoea kusafiri naye."

Saa kumi na moja na dakika ishirini Vlaho aliamuru mwendo wa kawaida. Hakufikiri sana. Alikwenda kuoga, akanyoa mara ya pili kwa siku hiyo, akavaa shati lenye kifua kigumu, tai ya kipepeo, koti fupi jeupe la sherehe. Alikuwa akitafuta kifungo kimoja cha mkono chini ya kitanda simu ilipolia.

"Kapteni, kuna bibi hapa mlango wa tezi," baharia alisema. "Amevaa koti. Ana sanduku. Anasema mmechelewa."

Vlaho alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Alibaki ameinama vile vile, goti moja chini, na jambo lote likamjia kwa mpigo. Asubuhi, alipopima kwenye ramani, alikuwa tayari anahesabu kwa saa ya alasiri. Mabaharia ndivyo walivyo. Wakishapanga kula saa, kichwani wameshaila. Alimpa yule mama saa ambayo ilikuwa bado haijazaliwa, naye aliiandika kwenye bahasha.

Akashuka bila kifungo.

Jua lilikuwa linagusa maji. Bi Arlene alisimama wima karibu na mlango, amelifumbata sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga hospitalini. Chini ya koti zito lilionekana pindo la gauni jeusi linalometa. Morag alikuwa amekwisha fika, amevaa sare yake ya sherehe. Alimvuta Vlaho pembeni, nyuma ya gurudumu la kamba.

"Alikuwa amelala saa sita," Morag alisema kwa sauti ya chini. "Alimeza kidonge cha kichefuchefu. Karatasi ya kubadili saa iliyopitishwa chini ya mlango aliiona, akadhani ni tangazo la duka la mikufu. Alasiri yote alikaa kwenye kanisa dogo, mle hamna saa. Tumepita shimo maili kumi na tatu."

"Hapa pana kina gani?"

"Elfu tano na mia nane kwa ramani. Kirefu tu. Kapteni, sikiliza. Maji ni yale yale. Fanya hapa, kwenye cheti cha mazishi andika namba za mahali tulipokuwa saa kumi na moja. Karamu ni baada ya nusu saa, na yeye atalala kwa amani. Huo si wema?"

Vlaho aliona ni wema. Hakuna ambaye angeumia. Kipima kina kilichora vistari huko na kilichora vistari hapa. Alimwendea Bi Arlene akiwa amekwisha amua hivyo, na alikuwa tayari amevua kofia.

"Hapa ndipo?" Bi Arlene aliuliza.

Alimtazama usoni alipouliza, kama mtu anavyomtazama fundi anayemwambia gari limepona. Vlaho alikuwa na neno moja la kusema, fupi, na lilikataa kutoka.

"Hapana," alisema. "Tumepita."

"Tumepita lini?"

"Saa moja iliyopita. Nilikupa saa, sikukwambia kwamba mchana itabadilika. Sasa ni saa kumi na mbili."

Bi Arlene aliitazama saa yake ya mkononi, kisha ile ya Morag. "Kwa hiyo ni kosa lako."

"Ni langu."

"Na kama nisingeuliza?"

Vlaho aligeuza kofia mkononi. Morag alitazama bahari.

Bi Arlene aliweka sanduku juu ya benchi, akageuza saa yake mbele taratibu, akalichukua tena. "Mwaka wa themanini na moja Len alichimba kisima upande usio wake wa uzio," alisema. "Futi mia mbili, siku nne, kwenye shamba la jirani. Hakuna aliyekuwa ameona. Angeweza kuusogeza uzio."

"Alifanyaje?"

"Alikifukia, akaanza upya. Wiki nzima hakuna mtu aliyethubutu kuzungumza naye."

Vlaho alivaa kofia. Alichukua simu ya ukutani akapiga chumba cha usukani. Aliagiza mashine ya nne iwashwe ili kuongeza mwendo, na meli igeuzwe kurudi ilikotoka, usukani nyuzi tano tu, duara pana kabisa, polepole.

"Nyuzi tano?" afisa wa zamu aliuliza. "Itachukua dakika nyingi, Kapteni."

"Kuna glasi," Vlaho alisema.

Kisha akampigia Gernot.

"Niambie hugeuki," Gernot alisema.

"Nimeshageuka."

"Mnara umefika safu ya kumi na moja."

"Basi simama karibu nao."

"Nikisimama karibu nitafanya nini, niupulize?" Gernot alikata simu.

Vlaho alipofika ukumbini saa kumi na mbili na nusu, mnara ulikuwa umesimama. Glasi zilikuwa zikigongana kidogo sana, sauti kama ya mvua ikianza juu ya bati, na Gernot amesimama kando yake mikono nyuma, jasho limemtoka juu ya mdomo. Vlaho alijiweka mlangoni mahali alipowekewa alama kwa utepe wa gundi, mpiga picha mbele yake, mikono nyuma kwa sababu za afya. Abiria walikuja kwa mstari, wamependeza, wananukia. Kila mmoja aligonga kiwiko chake kwenye kiwiko cha nahodha, akatazama kamera, akapita.

"Sasa kama wewe uko hapa, nani anaendesha meli?" aliuliza bwana wa kwanza.

"Nilidhani ni zamu yako," Vlaho alisema, kama alivyosema kila safari. Bwana alicheka mpaka mkewe akamvuta. Swali hilo lilikuja tena mtu wa nne, wa tisa, wa kumi na mbili, na kila aliyeliuliza alidhani ni la kwanza duniani.

Katikati ya mstari alikuja mzee mmoja aitwaye Bwana Thibodeaux, wa Louisiana, aliyeendesha tishari la mizigo mtoni maisha yake yote. Hakucheka.

"Kapteni, nilipokuwa navaa viatu mwezi ulikuwa dirishani kwangu. Nimemaliza kufunga kamba za viatu, haupo. Mwezi umekwenda upande wa jirani. Nimelewa mimi au wewe?"

"Umekunywa ngapi?"

"Moja."

"Basi ni mimi."

Afisa wa zamu alimpigia simu mara moja, Vlaho akaipokea nyuma ya pazia. Ofisi ya kampuni huko Miami walikuwa wameuona mchoro wa meli ukipinda kwenye kioo chao, na walitaka sababu. Katika fomu ya kugeuza meli zimeandikwa sababu nne: mtu kaanguka baharini, mgonjwa, hali ya hewa, mitambo. Chini yake pana mstari mtupu ulioandikwa "Mengine," na Vlaho hakuwahi kuona mtu aliyeujaza.

"Waambie ni Mengine," alisema. "Maelezo nitaandika asubuhi kwa mkono wangu. Kosa la nahodha juu ya saa."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na waambie St. Maarten tutafika saa moja, mashine ya nne inafanya kazi."

"Watauliza mafuta, Kapteni."

"Wataniuliza mimi."

Alipopanda jukwaani kwa hotuba ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Aliwakaribisha, akawatambulisha wakuu wa idara mmoja mmoja, Gernot akapigiwa makofi mengi kuliko wengine kwa sababu ya chakula. Kisha Vlaho akasema, kwa sauti ile ile ya kutangaza joto la maji, kwamba wengine wameona mwezi umehama. Ni kweli, meli imegeuka. Mchana alitoa saa akamsahau mtu mmoja ndani yake, na sasa wanarudi kumchukua. Hakuna hatari, na asubuhi watakuwa bandarini kama ilivyopangwa. Watu walinong'ona kidogo. Nyuma mtu alisema, "Angalau huyu anakubali." Wengine wakacheka, bendi ikapiga.

Alipanda ngazi ndogo na chupa. Shampeni ilijaa kileleni, ikafurika, ikashuka safu kwa safu, na mnara haukupoteza glasi hata moja. Gernot alifumba macho. Vlaho alishuka, akampa chupa mtu wa kwanza aliyemwona, akatoka kwa mlango wa wahudumu, akapita jikoni ambako sahani elfu mbili zilikuwa zimepangwa tayari, akashuka hadi sitaha ya nne.

Giza lilikuwa limeingia, na mwezi ulikuwa mkubwa. Morag alikuwa na Bi Arlene, wameketi benchi moja, na inaonekana walikuwa wakizungumza kuhusu kondoo. Meli ilipunguza mwendo. Simu ya ukutani ililia, Morag akasikiliza.

"Bado nusu maili," alisema. "Robo." Kisha akaweka simu. "Sasa."

"Hapa ndipo," Vlaho alisema.

Bi Arlene hakuuliza anajuaje. Baharia alifungua mlango mdogo wa ukingoni. Waliliweka sanduku kwenye kombeo la turubai, na Bi Arlene mwenyewe alishika kamba, akaiteremsha mkono kwa mkono kama mtu aliyesimuliwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Vlaho alisoma maneno machache yaliyoko kwenye kitabu, jina, tarehe, mahali. Saa moja na dakika kumi kombeo likafika majini, likafunguka. Sanduku lilielea kitambo kidogo, jeupe, likayumba, likainama upande mmoja, likaenda.

Mashine zilinguruma chini ya miguu yao.

"Linachukua muda gani kufika?" Bi Arlene aliuliza.

Vlaho alihesabu. "Likishuka mita moja kwa sekunde, saa mbili na robo. Na dakika chache."

"Chumvi haitayeyuka njiani?"

"Waliolitengeneza wanasema linastahimili saa nne."

"Basi linafika zima."

"Linafika. Lakini Bi Arlene, wakati huo sisi tutakuwa mbali. Lazima tugeuke tena sasa hivi."

"Najua. Miaka arobaini na minne nilimsubiri jikoni, sikusogelea kisima hata kimoja." Alijifunga koti shingoni. "Nitakaa hapa. Wewe una watu wanakungoja."

Vlaho alimwagiza baharia amletee Bi Arlene blanketi na chai. Saa mbili kamili alikuwa kwenye meza ya nahodha, kati ya mke wa daktari wa meno wa Kansas na dada wawili waliokuwa katika safari yao ya ishirini. Supu ilikuja ikaondoka. Kamba kochi walikuja. Mke wa daktari alieleza jinsi walivyobomoa jiko lao na kulijenga upya, na kwamba fundi aliweka sinki mahali pasipo pake. Vlaho alisikiliza na kuuliza maswali yanayofaa. Sinki lilirekebishwa? Halikurekebishwa, walizoea. Dada mmoja aliuliza nani anaendesha meli. Alijibu kama kawaida.

Saa tatu na robo aliona kwamba anakula polepole. Saa tatu na dakika ishirini aliweka kijiko. Dada wa pili alimwuliza kama anajisikia vibaya, akasema hapana, yuko salama kabisa, ila anahesabu kitu. Aliomba radhi. Meli ilikuwa inakwenda kasi kuliko kawaida na maji kwenye glasi yalikuwa yakitetemeka kwa viduara vidogo.

Saa tatu na nusu kasoro dakika mbili taa za ukumbi zilipunguzwa, muziki ukaanza, na wahudumu wote wakatoka jikoni kwa mstari wamebeba vichwani keki za barafu zenye fataki ndogo zinazowaka juu, kama wanavyofanya kila jioni ya mavazi rasmi. Abiria elfu moja walisimama wakapeperusha vitambaa vyao vya mezani. Kelele ilikuwa kubwa. Vlaho alisimama pia, kwa sababu nahodha lazima asimame, akapeperusha chake.

Dakika chache baadaye, maandamano yakiwa bado yanazunguka, Bi Arlene Kucera aliingia kwa mlango wa nyuma. Nywele zake zilikuwa zimevurugwa na upepo na pua imekuwa nyekundu. Alipita kati ya wahudumu wawili wenye moto vichwani, akaomba njia, akafika meza yake ya arobaini na sita, akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaketi. Gauni lilikuwa zuri. Mhudumu alimwinamia akamwekea kipande cha keki. Alikisogeza pembeni kwa kidole, akasema jambo, na mhudumu akamwelekeza jikoni kwa mkono kana kwamba anaeleza kuwa wakati umepita. Akasema tena.

Gernot, aliyekuwa akitazama kila meza, alifika hapo mwenyewe. Alisikiliza, akainua macho kuelekea meza ya nahodha. Vlaho alitikisa kichwa kukubali. Gernot akaenda jikoni, akarudi na sahani ya nyama ya ng'ombe na viazi, na Bi Arlene akaikata, akaanza kula kama mtu mwenye njaa.